Uhuru Iliyoruka Kutoka Ngomeni: Ramani ya Kwanza ya Mbingu Isiyoonekana

Kenya ilipotimiza miaka 62 ya kujitawala Desemba 12, 2025, kulikuwa na Uhuru mwingine uliotimiza miaka 55, na huo haukupigiwa mizinga wala kuimbiwa na bendi ya polisi. Ni setilaiti ya kilo 140 hivi iliyorushwa siku ya Jamhuri mwaka 1970, kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi.

Wengi wetu tumeziona zile picha za rangi za anga za mbali zinazozunguka kwenye simu: nyota zilizolipuka zikaacha mawingu ya buluu na zambarau, galaksi zilizogongana, gesi ya moto inayofuka kando ya shimo jeusi. Sehemu ya picha hizo imechorwa kwa mionzi ya eksirei, na ukiifuata nasaba yake nyuma, babu yao ni hiyo Uhuru ya Ngomeni. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuitazama mbingu kwa eksirei peke yake. Mwaka 2002 aliyeiongoza kisayansi, Riccardo Giacconi, Mwitaliano mzaliwa wa Genoa aliyehamia Marekani, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Masimulizi yake ndiyo niliyoyategemea zaidi hapa.

Giacconi anaianza hadithi miaka minane kabla ya Ngomeni. Angahewa ya dunia huzuia eksirei zote zitokazo angani, na ni heri yetu, kwa sababu zingetudhuru. Anayetaka kuziona hana budi kupanda juu ya hewa. Usiku wa Juni 18, 1962, yeye na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka White Sands, New Mexico, wakitaka kujua kama Mwezi unang'aa kwa eksirei pale unapopigwa na miale ya Jua. Hawakuuona Mwezi. Walichokiona ni chanzo kikali ajabu upande wa kundinyota la Nge, mbali kabisa na familia ya Jua letu. Roketi ilikaa juu dakika chache tu, kisha ikaanguka.

Kwa miaka iliyofuata taaluma nzima iliishi kwa dakika chache za namna hiyo. Kila roketi iliyopanda ilirudi na vyanzo vichache tu, na wanasayansi wakabishana kama walichokiona mwaka huu ndicho kile cha mwaka jana. Mwaka 1963 Giacconi alikuwa ameshapeleka NASA pendekezo la setilaiti itakayokaa juu na kuipekua mbingu yote. Ilichukua miaka saba.

Kwa nini Ngomeni? Jibu liko kwa Mwitaliano mwingine, Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na afisa wa jeshi la anga. Alitaka mahali pa kurushia roketi karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia unaisukuma roketi kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, msaada usiolipiwa. Ghuba iliyo mbele ya Ngomeni iko takriban nyuzi tatu kusini ya ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu. Roketi ikiharibika haimwangukii mtu. Broglio alileta majukwaa mawili. San Marco lilikuwa la kurushia roketi. Santa Rita, ambalo awali lilitumika kuchimba mafuta, likawa la kuongozea. Aprili 26, 1967 setilaiti ya Italia, San Marco 2, iliruka kutoka hapo.

NASA nayo ilikuwa na sababu yake. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta, karibu na dunia, hukwepa sehemu kubwa ya chembe zenye nguvu zilizonaswa na usumaku wa dunia, chembe ambazo zingevijaza vipimo vya eksirei kelele tupu. Kutoka Florida, roketi ndogo aina ya Scout isingeweza kuufikia mzunguko huo. Kutoka Ngomeni iliweza. Kwa hiyo setilaiti ya Wamarekani ikasafirishwa hadi pwani ya Kenya, ikarushwa na Waitaliano. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo cha Marekani cha anga kurushwa na watu wa taifa lingine.

Aliyeusimamia mradi huo upande wa NASA alikuwa Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kuhitimu uhandisi katika George Washington University, mwaka 1951, katika zama ambazo chumba cha kuongozea roketi kilikuwa cha wanaume peke yao. Kwenye makaratasi setilaiti iliitwa SAS-A. Townsend ndiye aliyeipa jina la Uhuru, kwa kuwa siku ya kuruka ilikuwa sikukuu ya wenyeji na kama shukrani kwa ukarimu wa Wakenya.

Giacconi amesimulia kwamba baada ya kuruka, yeye na Townsend hawakuwa na subira. Waliingia kwenye boti ya mpira, wakakimbilia kambi iliyokuwa ufukweni, wakaviwasha vifaa setilaiti ilipopita juu yao kwa mara ya kwanza, kabla ya wakati uliopangwa kwenye ratiba. Walitaka kujua mara moja kama mtoto amezaliwa hai. Alikuwa hai.

Lakini Uhuru haikuwa na kamera. Eksirei hazipindwi na lenzi ya kawaida. Zinapenya au zinamezwa. Setilaiti ilibeba vihesabio viwili vilivyopeana mgongo, kila kimoja kikichungulia mbingu kupitia vijimirija vyembamba vya chuma, kama mtoto anayechungulia kupitia bua la jani la mpapai: anaona kipande kidogo tu, lakini anajua kwa hakika kipo upande gani. Chombo kilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi. Kila chanzo kilipopita mbele ya kijimirija, hesabu ilipanda kisha ikashuka. Mistari hiyo ya kupanda na kushuka, ikikusanywa siku baada ya siku huku mhimili wa setilaiti ukigeuzwa, ndiyo iliyochora ramani ya kwanza ya mbingu ya eksirei.

Ramani hiyo ilikuwa na mambo mengi. Chanzo kiitwacho Cen X-3 kilionekana kikipiga kila baada ya sekunde 4.8, na kufichwa mara kwa mara na nyota inayozungukana nacho. Hapo ikajulikana kwamba nyota ya nyutroni, yaani mabaki ya nyota kubwa yaliyobanwa mno, inaweza kuifyonza gesi ya jirani yake na kung'aa kwa gesi hiyo. Kati ya galaksi zilizokusanyika pamoja kulionekana gesi ya moto ambayo darubini za kawaida hazikuwahi kuiona.

Kilichozua kesi ya miaka mingi, hata hivyo, ni chanzo kimoja katika kundinyota la Cygnus, kwa jina Cygnus X-1. Roketi ilikigundua mwaka 1964, ila haikuwa na muda wa kukikazia macho. Uhuru ilikuwa nao. Mwaka 1971 ilionekana kuwa mng'ao wake unapepesuka mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa haraka kuliko nuru inavyokivuka, kwa hiyo hicho, chochote kilichokuwa, kilikuwa kidogo mno kuwa nyota ya kawaida. Mwaka huohuo darubini za redio zilisaidia kuonyesha mahali pake hasa, na hapo palikuwa na nyota kubwa ya buluu iliyokwisha kuorodheshwa zamani, HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin waliokuwa Uingereza, na Tom Bolton aliyekuwa Toronto, kila upande kwa kazi yake, wakaonyesha kwamba nyota hiyo inamzunguka mwenzi asiyeonekana kwa siku 5.6. Walipokadiria uzito wa huyo mwenzi, ulikuwa mkubwa kupita ule nyota ya nyutroni inaoweza kuubeba. Kilichobaki ni shimo jeusi, kitu ambacho hadi siku hizo kilikuwa kikiishi kwenye karatasi za wanahisabati tu.

Si wote waliokubali. Wapo waliosema umbali wa ile nyota umekosewa, na kwa hiyo uzito nao umekosewa. Wapo waliosema huenda kuna nyota ya tatu iliyojificha. Desemba 1974 mabishano hayo yalitoa dau ambalo bado linasimuliwa. Stephen Hawking wa Cambridge, aliyetumia sehemu kubwa ya ujana wake kuyachambua mashimo meusi, aliweka dau kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Kip Thorne wa California alisema ndilo. Thorne akishinda angepata mwaka mmoja wa jarida la Penthouse, lile la picha za uchi; Hawking akishinda angepata miaka minne ya Private Eye, jarida la kejeli la Uingereza. Hawking alieleza baadaye kwamba hiyo ilikuwa bima yake: kama mashimo meusi yasingekuwepo, kazi ya maisha yake ingekuwa imepotea, lakini angalau angefarijika kwa kushinda dau.

Ushahidi ulizidi kuongezeka mwaka baada ya mwaka. Juni 1990, Thorne akiwa safarini Moscow, Hawking na watu wake waliingia ofisini kwake bila yeye kujua, wakaitoa karatasi ya dau, na Hawking akaitia dole gumba kukiri kwamba ameshindwa. Magazeti ya dunia yaliipenda hadithi hiyo, na yanaipenda hadi leo. Huwataja wanasayansi wawili maarufu na majarida yao mawili. Setilaiti iliyokifanya Cygnus X-1 kiwe cha kubishaniwa hutajwa kwa nadra, na bahari ilikorukia hutajwa kwa nadra zaidi.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973. Orodha yake ya nne na ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Mpaka leo mwanafalaki wa Tokyo au Chicago anayeandika kuhusu vyanzo hivyo huviita kwa alama 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru, ikifuatwa na namba za mahali vilipo.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mwaka 1978 ilirushwa Einstein, darubini ya kwanza iliyoweza kutoa picha halisi za eksirei za nyota na galaksi, kwa vioo ambavyo miale huviparuza ikipita. Mwaka 1999 ikaja Chandra, ambayo moja ya picha zake za mwanzo ilikuwa Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka. Rangi tunazoziona humo zimewekwa na watu, kwa kuwa eksirei hazina rangi machoni petu. Mara nyingi nyekundu huwekwa kwenye miale dhaifu na buluu kwenye ile yenye nguvu. Mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha Chandra, Harvey Tananbaum, alikuwa kijana wa kikosi cha Uhuru. Aprili 2019 darubini za redio zilizounganishwa duniani kote zilitoa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lile la galaksi ya M87.

Na Ngomeni? Setilaiti tisa zilifika angani kutoka jukwaa lile, ya mwisho Machi 1988. Tangu hapo hapajaruka kitu. Kituo cha nchi kavu, ambacho sasa kina jina la Broglio na kinasimamiwa na Shirika la Anga la Italia, hakijalala: ndicho kinachopokea takwimu za darubini za eksirei kama NuSTAR na IXPE, hii ya pili ikiwa imerushwa Desemba 2021. Kwa maneno mengine, picha nyingine za mashimo meusi zinazotolewa leo hupita kwanza Malindi, na Mmalindi hajui.

Katika masimulizi ya waliokuwapo mwaka 1970, Waitaliano wana majina na Wamarekani wana majina. Wenyeji ni "watu wa Kenya" wenye ukarimu, basi. Waliovusha vifaa na kuwalisha wageni hawatajwi. Lawama hiyo si ya Giacconi peke yake, kwa sababu hata sisi hatukuwaandika. Tumekuwa tukizozana kuhusu kodi ya kituo na nani anafaidika, mazozano ya haki kabisa, huku vyuma vya San Marco vikiliwa na chumvi na historia yake ikikosa mwandishi.

Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya unaotaja mafunzo, tiba kwa masafa na matumizi ya takwimu za setilaiti. Mwaka 2017 Shirika la Anga la Kenya likaundwa, na Aprili 2023 setilaiti ya Taifa-1 ikaruka, kutoka California. Hatua hizo ni za kupongezwa, lakini kwa sehemu kubwa zinaitazama dunia: mashamba, mafuriko, misitu. Ni nadra kutajwa mbingu, ambako jina letu limeandikwa mara 339.

Kuirudisha Ngomeni kwenye urushaji wa roketi kungehitaji fedha ambazo pengine hatuna. Kuisoma mbingu ni jambo jingine. Takwimu za IXPE hufunguliwa kwa kila mtu duniani bila malipo. Kinachohitajika ni kompyuta, intaneti na watu waliofunzwa. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, safari ya gari kutoka kituo cha Broglio. Mkataba ukifika mezani tena, wajumbe wetu wadai kodi kama kawaida, kisha wadai pia nafasi za masomo ya falaki ya eksirei kwa vijana wa Magarini, Malindi na Kilifi, kwa idadi iliyoandikwa na tarehe ya kuanza.