Redis Inapokataa Kukufungulia: Maana ya Kila Ujumbe na Dawa Yake

Ikiwa wewe ama kijana wako ndiye anayeangalia mitambo ya tovuti ya duka, ya kukata tiketi au ya chama, huenda jina la Redis si geni kwako. Ni hifadhidata iliyoanzishwa na Mtaliano Salvatore Sanfilippo mwaka 2009. Data zake hukaa kwenye memori ya kompyuta, sio kwenye diski, na ndiyo sababu hujibu upesi. Programu nyingi huitumia kukumbuka nani ameingia na ameweka nini kwenye kikapu chake. Siku ikikataa kufungua, wateja wote hujikuta nje.

Hapo ndipo mtu hupapatika, akaanza kuzima ulinzi mmoja baada ya mwingine hadi mambo yakubali. Hiyo ndiyo dawa mbaya kuliko zote. Redis haikatai kimyakimya. Kila jibu lake lina neno linaloeleza umesimamishwa wapi. Soma neno hilo kwanza, kisha ndipo uguse mipangilio.

Hodi bila mwenyeji: Connection refused

Ujumbe huu maana yake umefika kwenye kompyuta, lakini hakuna anayesikiliza kwenye mlango uliogonga. Mlango wa kawaida wa Redis ni nambari 6379. Ingia kwenye seva yenyewe, uandike `redis-cli ping`. Ikijibu `PONG`, Redis iko hai na tatizo ni anwani. Isipojibu, huenda imezimika. Itazame kwa `systemctl status redis-server`, au `redis` peke yake kwenye Linux za aina nyingine.

Ikiwa hai, fungua faili ya mipangilio, `redis.conf`, utazame mstari wa `bind`. Ukiwa na `127.0.0.1` pekee, Redis husikiliza wa nyumba ile ile tu. Wanaotumia Docker hunaswa hapa mara nyingi: ndani ya kontena, `127.0.0.1` ni kontena lenyewe, sio jirani yake. Tumia jina la kontena la Redis badala ya nambari hiyo.

Na kama hupati jibu lolote, unangoja tu mpaka muda unakwisha, shuku faiwoli iliyo njiani kabla ya kuishuku Redis.

DENIED: mgeni kutoka nje

Neno hili hutokea pale Redis haina neno la siri na wewe unatoka kompyuta nyingine. Ulinzi huu, `protected-mode`, ulikuja na toleo la 3.2 mwaka 2016. Ujumbe wenyewe hukutajia njia kadhaa za kutoka, na mojawapo ni kuuzima. Usiifuate njia hiyo kwenye seva inayofikiwa na intaneti. Weka neno la siri refu, elekeza `bind` kwenye anwani ya mtandao wa ndani, na uiambie faiwoli ikubali seva ya programu yako peke yake.

NOAUTH na WRONGPASS: wewe nani?

`NOAUTH` ina maana hukujitambulisha. `WRONGPASS` ina maana umejitambulisha, lakini jina au neno la siri silo, au mtumiaji huyo amefungiwa. Tangu toleo la 6 la mwaka 2020, Redis inaweza kuwa na watumiaji wengi wenye majina. Programu ikituma neno la siri bila jina, huhesabiwa kuwa mtumiaji `default`. Basi neno linaweza kuwa sahihi, ila ni la mtu mwingine.

Ukiambiwa kinyume chake, kwamba umetuma neno la siri ilhali hakuna lililowekwa, jiulize mambo mawili. Je, hii ndiyo seva uliyoikusudia? Na je, Redis iliwashwa kwa faili yako ya mipangilio? Neno la siri lililowekwa kwa `CONFIG SET requirepass` hupotea Redis ikizimwa na kuwashwa, isipokuwa umelihifadhi kwa `CONFIG REWRITE`.

NOPERM: mwisho wako barazani

Hapa umetambuliwa, lakini amri au data unayoitaka si haki yako. Ni kama mgeni anayekaribishwa barazani; hapiti mpaka vyumba vya ndani. Msimamizi aandike `ACL LOG` aone ni nani aliyekatazwa na kwa amri ipi, kisha `ACL GETUSER` pamoja na jina la mtumiaji aone ruhusa zake. Ongeza ile iliyokosekana tu. Kwa mfano, `ACL SETUSER duka +get ~duka:*` humpa mtumiaji anayeitwa duka ruhusa ya kusoma kwa `GET` funguo zinazoanza na `duka:`.

Yanayofanana na haya, lakini siyo

`LOADING` ni Redis inayopakia data baada ya kuwashwa, subiri. `MISCONF` ni kwamba imeshindwa kuhifadhi nakala kwenye diski, hivyo inakataa kuandika. Tazama kama diski imejaa. `OOM` ni memori iliyofika kikomo ulichoweka. `READONLY` ni kwamba unaandika kwenye seva ya nakala badala ya seva kuu. Kubadilisha neno la siri hakutatibu hata moja kati ya haya.

Kwa nini usiache mlango wazi

Mwaka 2015 Sanfilippo mwenyewe alionyesha hadharani jinsi mtu anavyoweza kuitumia Redis isiyo na ulinzi kuandika ufunguo wake wa SSH kwenye diski, kisha akaingia kwenye seva nzima. Na amri moja, `FLUSHALL`, hufuta kila kitu kilichomo.

Kwetu Kenya kuna jambo la sheria pia. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, taarifa za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, mwenye kuzisimamia anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu apate habari. Majina na nambari za simu za wateja wako ni amana.

Basi ukikwama, fuata mpangilio huu: je, Redis iko hai? Inasikiliza anwani gani? Inanijua mimi ni nani? Imeniruhusu nini? Ukikuta jibu lilipokatika, rekebisha hapo hapo, na milango mingine uiache imefungwa.