Kwani Nesi Anasahau Kazi Kila Mwaka?

Anti yangu ni nesi. Alizunguka wodi za Kenya miaka kumi na minne, halafu 2022 akapanda ndege akaenda Leeds kama wengi wanavyofanya siku hizi. Juzi alinitumia sauti ya WhatsApp, dakika nne nzima, na karibu zote ni malalamiko. Mwaka wake kwenye rejista ya wauguzi ya Uingereza ulikuwa unaisha. Alipe ada, la sivyo jina litolewe na kesho yake asiruhusiwe kufanya kazi kama nesi. Alipoanza huko ada ilikuwa pauni 120. Piga hesabu, hiyo ni kama elfu ishirini za kwetu.

Lakini kilichomuuma si doo peke yake. "Nilisoma, nikapita, nikapewa cheti. Kwani nikilala Jumapili nikaamka Jumatatu nitakuwa nimesahau kupima presha?"

Nilicheka, halafu swali likakataa kutoka kichwani. Nani alikuja na hii kitu ya kuweka jina la nesi kwenye kitabu cha serikali, na kwa nini lisikae tu hapo milele? Nikaingia kwenye historia, na kumbe huko ndani kuna bifu moja kali sana kati ya wanawake wawili.

Wa kwanza mnamjua. Florence Nightingale, yule wa taa, aliyerudi kutoka vita vya Crimea akiwa staa na mwaka 1860 akaanzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London. Wa pili wengi hawajawahi kumsikia. Anaitwa Ethel Gordon Manson. Mwaka 1881, akiwa na miaka 24, alifanywa metroni wa St Bartholomew's, moja ya hospitali kubwa za London. (Metroni wa hospitali, si yule wa bweni anayekuamsha saa kumi na moja.) Mwaka 1887 akaolewa na daktari anayeitwa Bedford Fenwick, na enzi hizo mwanamke kama yeye akiolewa anafungasha virago, kazi imeisha. Mwaka huo huo, akiwa nyumbani kwake, akaanzisha chama cha wauguzi. Lengo lilikuwa moja: serikali iwe na rejista, na asiyeingia humo asijiite muuguzi aliyesajiliwa.

Ukiangalia hali ya wakati ule, alikuwa na pointi. Mtu yeyote angeweza kuvaa aproni nyeupe na kujiita nesi. Kuna aliyesoma miaka mitatu, kuna aliyesoma miezi michache, na kuna ambaye hakusoma chochote. Mgonjwa aliyelala pale kitandani angejuaje? Ethel alitaka miaka mitatu ya mafunzo, mtihani mmoja, na orodha moja ambayo kila mtu anaweza kuisoma.

Florence akapinga. Ndiyo, Florence mwenyewe! Nilipoona hivyo kwanza nilidhani ni wivu wa mzee kwa kijana, lakini hoja yake ni nzito kuliko nilivyotarajia. Alisema mtihani hauwezi kupima utu wa mtu wala moyo wake wa kazi. Alisema uuguzi ni kuhudumia miili na roho zilizo hai, na njia ya kujua kama nesi ni mzuri ni kumsimamia akiwa kazini sasa hivi, si kuangalia alichopita zamani.

Fikiria rejista ya darasa. Mwalimu anaita majina, wewe unasema "yupo," anaweka tiki. Hiyo tiki inasema umefika. Haisemi kama umesikiliza, na hakika haisemi utakumbuka chochote mwaka ujao. Florence aliogopa nchi nzima ingechukua tiki ikaamini ni maarifa.

Ethel hakutikisika. Miswada ikapelekwa bungeni na kuanguka, ikapelekwa tena ikaanguka tena. Florence akafariki 1910. Vita vya kwanza vya dunia vikaja, na maelfu ya wasichana wa kujitolea wakaingia hospitalini na sare baada ya mafunzo mafupi, na wauguzi waliosota miaka mitatu wakaona wazi kwamba bila sheria hakuna kinachowatofautisha na mtu aliyekuja jana. Mwishowe, Desemba 1919, sheria ya usajili wa wauguzi ikapita. Rejista ikafunguliwa 1921.

Jina la kwanza kabisa, namba 1, ni Ethel Bedford Fenwick.

Sasa hapa ndipo ningependa Florence awe hai, hata kwa dakika tano. Ethel alikuwa ameacha kazi ya hospitali 1887. Ukiacha kipindi kifupi alichosimamia wauguzi vitani Ugiriki mwaka 1897, mtu huyu alikuwa nje ya wodi kwa miaka 34. Dawa zilikuwa zimebadilika, upasuaji umebadilika, eksirei ilikuwa imevumbuliwa yeye akiwa ashaondoka. Na tena mafunzo yake mwenyewe hayakufika ile miaka mitatu aliyowadai wengine. Lakini rejista inasema yeye ndiye muuguzi namba moja wa Uingereza. Simdharau, bila yeye pengine hakuna rejista. Ila huwezi kupata mfano mzuri zaidi wa kile Florence alichokuwa anakisema.

Uingereza haikuwa hata ya kwanza, by the way. Anayetajwa kuwa wa kwanza yuko huku kwetu barani. Mwaka 1891 koloni la Cape, Afrika Kusini, lilipitisha sheria ya kusajili wauguzi na wakunga, na aliyeipigania ni mtawa anayeitwa Henrietta Stockdale, aliyefundisha wauguzi Kimberley, mji wa almasi. New Zealand ikafuata 1901. Lakini Mwafrika mweusi wa kwanza kusajiliwa Afrika Kusini, Cecilia Makiwane, aliingia 1908, miaka 17 baada ya ile sheria. Rejista ni mlango, na mlango una mtu anayesimama pale kuamua nani apite.

Hata Uingereza wanaume waliwekwa kwenye sehemu yao ya pembeni mpaka sheria ya 1949. Mwaka 1943 wakaongeza orodha ya pili, ya wauguzi wasaidizi. Wale wa juu wanaitwa "registered," wa chini "enrolled." Kama uliwahi kusikia nesi wa Kenya akijitambulisha na hayo maneno mawili, sasa unajua yalitoka wapi. Yalikuja na meli ya mkoloni, wakati ambapo Nairobi ilikuwa na hospitali za rangi tofauti: ile Nairobi Hospital ya leo ilifunguliwa 1954 ikiitwa European Hospital. Tulibaki na mfumo, tukaufanya wetu. Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa mkuu wa wauguzi wa serikali yetu, akawa rais wa baraza la wauguzi la dunia kuanzia 1981 mpaka 1985, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Na sheria yetu ya wauguzi, Sura ya 257, ni ya 1983. Sijui kwa nini huyo mama hayuko kwenye kila kitabu cha historia cha shule.

Turudi kwa Anti. Swali lake lilikuwa kama mtu anasahau kazi kila mwaka, na jibu la kweli ni kwamba ile ada ya kila mwaka haimpimi hata kidogo. Ni pesa ya kuendesha baraza, na sehemu kubwa inaenda kuchunguza malalamiko dhidi ya wauguzi. Ukilipa, jina linabaki. Umekuwa hodari mwaka huu? Hakuna aliyekuuliza.

Anayeuliza ni utaratibu mwingine, na ulichelewa sana. Ni 1995 ndipo wauguzi wa Uingereza walianza kudaiwa waonyeshe kwamba wameendelea kujifunza baada ya cheti, siku tano za masomo kila miaka mitatu. Halafu 2013 ikatoka ripoti ya uchunguzi kuhusu hospitali ya Stafford, ambapo wagonjwa walitelekezwa vibaya, na wauguzi waliokuwa wakiwahudumia walikuwa na majina yao kwenye rejista vizuri kabisa. Aprili 2016 ukaja mfumo wa sasa. Kila miaka mitatu nesi anaonyesha saa 450 za kazi, saa 35 za kujifunza, maoni matano kutoka kwa watu aliowahudumia au kufanya nao kazi, na maandishi matano ambayo ndani yake anajieleza: nilifanya nini, nilijifunza nini, nitabadilisha nini. Kisha anakaa na nesi mwenzake wanayajadili.

Yaani Florence alishinda, ila miaka 106 baada ya kufa.

Msimamo wangu ni huu. Anti ana haki ya kulalamikia ile pesa. Mtu akikulipisha kila mwaka ili uruhusiwe kufanya kazi unayoifanya tayari, na usiku umekaa wodini na wagonjwa wengi kuliko mikono, hiyo inauma na isiitwe ubora. Lakini ile ya kila miaka mitatu siwezi kumuunga mkono aikatae, na nilimwambia hivyo. Akaniambia nina mdomo kwa mtu ambaye hajawahi kubadilisha hata shuka la mgonjwa. Fair.

Alilipa saa tano usiku, akitoka shifti. Na kwa sababu mwaka wake wa tatu nao umefika, alinitumia moja ya yale maandishi matano nimsaidie kupanga sentensi. Hakutaja jina la mtu wala wodi, haruhusiwi. Ilikuwa kuhusu mzee aliyekataa kula siku tatu, kila mtu akaandika kwenye faili kwamba amekosa hamu. Anti naye aliandika hivyo siku mbili za kwanza. Siku ya tatu ndipo alipomwangalia mdomoni akakuta meno ya bandia yamepasuka na fizi zina vidonda. Kwenye ile sehemu ya nitabadilisha nini, alikuwa ameandika sentensi moja tu: nitaangalia mdomo kwanza.

Sikubadilisha kitu. Nilirekebisha koma mbili nikamrudishia.