Pamba, Mibono na Kura ya Mnyonge: Somo la Kisarawe na Kibaha

Wapo wanaoamini kwamba harakati za wanyonge hupoteza sababu ya kuwapo pindi watawala wanapopatikana kwa kura. Historia ya Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani, inatufunza vinginevyo.

Mwaka 1902 Gavana von Götzen alianzisha kilimo cha shuruti cha pamba katika Wilaya ya Dar es Salaam, iliyojumuisha Uzaramo. Wakulima walitolewa kwenye makonde yao ya chakula wakalime mashamba ya pamoja chini ya majumbe, kwa ujira usiostahili kuitwa ujira. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, moto ulifika Uzaramo, na Kibasila wa Kisangire akanyongwa. Mkulima yule hakuwa na baraza lolote la kumsikiliza.

Karne moja baadaye, mjukuu wake alikuwa raia mwenye kura, mwenye mkutano mkuu wa kijiji na mwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hata hivyo, kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 vya Kisarawe ili kupanda mibono ya kuzalisha mafuta. Wanakijiji waliahidiwa ajira, visima, zahanati na barabara. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika. Vibarua walibaki bila kazi, na ahadi nyingi zikabaki maneno.

Je, ardhi ilirudi kwa wenyewe? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ili mwekezaji wa kigeni apewe ardhi ya kijiji, sharti kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Eneo likizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji hutoa mapendekezo tu. Mwenye kuidhinisha ni Waziri. Ikishahamishwa, kufilisika kwa mwekezaji hakuirejeshi kijijini. Wanakijiji na watetezi wa haki za ardhi walipaza sauti, nayo ikasikika hadi Uingereza, lakini walikuwa wakidai kitu ambacho kisheria kilikwisha kutoka mikononi mwao.

Wilaya jirani ya Kibaha ina Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyozinduliwa mwaka 2022. Ni ya vyama sita vilivyotokana na harakati za ukombozi: CCM, FRELIMO, MPLA, ANC, SWAPO na ZANU-PF. Vyote vilianza kama sauti ya wasiosikilizwa. Vyote vimeshika dola. Mtaala wa shule hiyo ungepata somo kubwa kwa kuvuka mpaka tu na kuingia Kisarawe.

Somo lenyewe ni hili: kura humchagua mtawala, lakini haimlindi mnyonge siku ya uamuzi. Kinachomlinda ni haki ya kukataa kabla hati haijasainiwa. Mkutano wa kijiji upewe uwezo wa kusema hapana, na sheria itamke kwamba mradi ukifa, ardhi irudi kijijini. Bila hayo, mkulima wa Kisarawe atakuwa amevuka kutoka pamba hadi mibono akiwa na uhuru wa kulalamika tu.