"Fizikia ya Mpemba": Kejeli ya mwalimu iliyogeuka istilahi

Lugha ina hila zake. Ukitaka kulidunisha wazo la mtu, si lazima ulipinge kwa hoja. Lipachike tu jina la mwenyewe. "Hicho ni Kiswahili chako." "Hizo ni hesabu zako." Kimilikishi kidogo hicho kinatosha kumtoa mtu nje ya elimu ya watu wote. Kwetu Keumbu, kama kwingineko nchini, mwanafunzi mwerevu akizidi kubishana na mwalimu huambiwa maneno hayo, na asipokoma husemwa ana madharau.

Kisa cha Erasto Mpemba kinafaa kukumbukwa hapa. (Mpemba ni jina lake, si mtu wa Pemba.) Mwaka wa 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wavulana pale walizoea kujitengenezea aisikrimu: wachemshe maziwa, watie sukari, wasubiri yapoe, ndipo wayaweke kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa haba. Mwenzake mmoja, ili awahi, hakuchemsha maziwa yake kabisa. Mpemba naye akaona atakosa nafasi, akayaingiza yake yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado majimaji.

Alipomuuliza mwalimu wa fizikia sababu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa. Akanyamaza, lakini swali halikunyamaza. Baadaye alijiunga na Shule ya Upili ya Mkwawa, Iringa. Walipofika kwenye kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu, aliuliza tena. Mwalimu akakana. Kijana akashikilia lake. Mwishowe mwalimu akaamua kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Darasa likaipenda kejeli hiyo. Tangu hapo akikosea hesabu, wenzake walimwambia hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Tazama alichofanya mwalimu. Swali lilihusu maziwa, jibu likahusu mtu. Na si kwamba hakuijua fizikia. Aliijua vyema, na hapo ndipo kiburi kilipopata pa kukaa.

Kisha akaja Dkt Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akainuka: kwa nini maji ya nyuzi 100 yagande kabla ya maji ya nyuzi 35 yenye ujazo sawa? Wenzake walicheka, wengine wakasema amewaaibisha. Osborne mwenyewe hakuamini. Hata hivyo alimuuliza kijana kama amelijaribu jambo hilo, kisha akaahidi kulijaribu yeye pia. Chuoni, fundi wa maabara alileta habari kuwa maji moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila akaongeza kwamba wangerudia jaribio hadi wapate matokeo sahihi! Kiburi, kumbe, hakimkai mwalimu peke yake.

Mwaka wa 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education. Leo wanasayansi duniani wanaita jambo hilo athari ya Mpemba. Kejeli ikawa istilahi.

Isidhaniwe kwamba mjadala umekwisha. Mwaka wa 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano la kulieleza jambo hilo, na majibu zaidi ya 22,000 yakatumwa. Mwaka wa 2016 watafiti wengine walipima upya, wakatilia shaka kama athari yenyewe ipo. Huenda basi mwalimu wa Mkwawa hakukosea kwa kutoamini. Osborne naye hakuamini. Tofauti ni kwamba mmoja alitoa hukumu, mwingine akatafuta maji na kipimajoto.

Mwalimu mwenzangu, heshima yako haipungui kwa kumwambia mwanafunzi, "Tupime tuone." Akikosea, atajifunza kwa macho yake. Akiwa sahihi, mmejifunza wawili. Akili ni nywele, walisema wahenga, kila mtu ana zake. Lakini elimu haina "yangu" wala "yako". Ikishapimwa, ni yetu sote.