Mkataba wa Sultani na Jibu la Machemba: Haki ya Watu Kuiondoa Serikali katika Pwani ya Mikindani, 1888–1890

Katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu historia ya Azimio la Uhuru la Marekani duniani, David Armitage anaeleza jinsi andiko lile la Julai 4, 1776 lilivyogeuka kielelezo kwa mataifa mengi yaliyojitangazia uhuru baadaye. Hoja yake kuu, kwamba Azimio lilikusudiwa kwanza kuyaarifu madola mengine kuwa dola jipya limezaliwa, ina ushahidi wa kutosha na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mazoea yaliyoota pembeni mwa hoja za namna hiyo katika madarasa yetu ya sayansi ya siasa: kwamba haki ya watu kuiondoa serikali na kuweka nyingine ni wazo lililozaliwa na John Locke, likalelewa Philadelphia, kisha likatufikia sisi vitabuni likiwa limekwisha kukomaa. Kwa mtazamo huo, mahali pasipokuwa na azimio lililoandikwa hapahesabiwi kuwa na hoja. Huonekana pana ghasia tu. Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa kuangalia yaliyotokea Mikindani na katika uwanda wa juu wa Makonde kuanzia Septemba 1888 hadi 1890.

Kuhusu Wamarekani wenyewe, wataalamu hawatofautiani sana. Mwaka 1750 mchungaji Jonathan Mayhew wa Boston alihubiri kwamba utii kwa mtawala una mipaka, na kwamba mtawala anayewadhulumu watu hana tena dai juu ya utii wao. Juni 12, 1776 Virginia ilipitisha Tamko la Haki, lililoandikwa kwa sehemu kubwa na George Mason, likisema kuwa wengi katika jumuiya wana haki isiyoondoleka ya kuirekebisha, kuibadili au kuivunja serikali isiyotimiza wajibu wake. Azimio la Julai likaongeza tahadhari: hatua hiyo isichukuliwe kwa sababu ndogo za kupita, ila pale dhuluma zinapofuatana kwa muda mrefu. Mwaka 1784 katiba ya New Hampshire ikaenda mbali zaidi na kuyaita mafundisho ya kutopinga udhalimu kuwa ni upuuzi na utumwa. Haya yanafahamika vyema.

Kinachosahauliwa ni sehemu moja ya sura ya 19 ya Risala ya Pili ya Locke. Huko Locke haishii kwenye dhuluma. Anataja sababu nyingine inayoivunja serikali: mtawala kuwakabidhi watu wake chini ya mamlaka ya kigeni. Mtawala akifanya hivyo, asema Locke, serikali imevunjika, na aliyeivunja ni yeye mwenyewe. Watu wanaokataa kukabidhiwa hawawezi kuitwa waasi, kwa maana mamlaka ambayo wangeyaasi yamekwisha kutoweka.

Tuje sasa Zanzibar. Sultani Barghash alifariki Machi 1888. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 28, mrithi wake Khalifa bin Said alitia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki uendeshaji wa pwani yote kutoka mto Umba hadi Ruvuma kwa miaka 50, pamoja na forodha zake. Kampuni ilipaswa kutawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Katikati ya Agosti maofisa wake walianza kushika miji. Walidai uthibitisho wa umiliki wa ardhi, wakaleta kanuni mpya za ushuru na leseni, na wakataka bendera ya kampuni ipandishwe. Watu wa miji ile hawakuwa wameulizwa lolote. Kwao Sultani alikuwa kama msimamizi wa amana: msimamizi aliyekabidhiwa shamba la yatima anaweza kulilima na kuuza nazi zake, lakini hawezi kulikodisha kwa mgeni kwa nusu karne huku yatima yuko hai. Msingi huo wa amana kila mwenyeji wa pwani aliyeketi mbele ya kadhi aliuelewa.

Mikindani ilikuwa na sababu ya ziada ya kulielewa jambo hilo mapema. Februari 1887 Wareno walikuwa wameichukua Tungi kwa nguvu, ng'ambo ya Ruvuma, kutoka katika milki ya Sultani. Nahodha yeyote aliyesafiri baina ya ghuba ya Mikindani na rasi ya Delgado alijua kwamba ulinzi wa Zanzibar umekuwa jina tupu. Bila shaka jambo hili liliathiri namna mkataba wa mwaka uliofuata ulivyopokelewa kusini, ingawa wanahistoria wengi hulipita kwa sentensi moja.

Mwezi Septemba 1888 upinzani ulioanzia Pangani ulifika kusini. Watu wa miji na watu wa bara, Wayao wakiwa miongoni mwao, waliinuka Kilwa, Lindi na Mikindani. Kilwa Wajerumani wawili waliuawa. Lindi na Mikindani maofisa wa kampuni walikimbia. Hadi mwisho wa mwezi ule kampuni ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Pwani ya kusini haikurudi mikononi mwa Wajerumani hadi Mei 1890, Hermann von Wissmann alipofika na askari wake wa Kisudani na wengine waliotoka Msumbiji.

Berlin iliyaita haya yote maasi ya Waarabu, na jina hilo lilikuwa na kazi yake: Bismarck alihitaji Bunge la Ujerumani liidhinishe fedha, na vita dhidi ya wauza watumwa viliungwa mkono kwa urahisi kuliko vita vya kuiokoa kampuni. Mwanzoni mwa 1889 Bunge lilitoa marki milioni 2. Wanahistoria wa baada ya uhuru waliliondoa jina hilo na kuweka la upinzani wa kitaifa. Kisha Jonathon Glassman, katika kazi yake ya 1995, akatufundisha kutowaona watu wa pwani kama kundi moja: walikuwemo mashomvi, wapagazi, watumwa na vijana wasio na cheo, kila mmoja akigombea nafasi yake mjini. Kwa Pangani hoja hiyo ina nguvu. Tatizo ni wanaoichukua na kuifanya kanuni ya pwani nzima, kana kwamba watu wakiwa na ugomvi wao wa ndani hawawezi kuwa na msimamo wa pamoja kuhusu nani ana haki ya kuwatawala. Wakoloni wa Amerika waligombana wao kwa wao kuhusu ardhi, madeni na dini kabla ya 1776 na baada yake. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba Azimio halikuwa na hoja.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni barua. Mwaka 1890 Machemba, kiongozi wa Wayao katika uwanda wa Makonde ambako misafara iliteremkia Lindi na Mikindani, alimjibu Wissmann kwa Kiswahili. Barua hiyo imenukuliwa mara nyingi, hata katika juzuu ya saba ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, lakini hunukuliwa kama mfano wa ushujaa. Nataka isomwe kama hoja.

Machemba anaanza kwa kusema ameyasikiliza maneno ya Mjerumani ila haoni sababu ya kumtii, na kwamba afadhali afe. Anayedai utii ndiye mwenye mzigo wa kutoa sababu. Asipoitoa, dai limeanguka. Kisha anatenganisha mambo mawili ambayo Wissmann aliyachanganya kwa makusudi: urafiki anaukubali siku zote, uraia anaukataa. Halafu anatoa msingi wa kukataa kwake. Hatamwangukia Mjerumani miguuni kwa kuwa wote wawili ni viumbe wa Mungu. Yeye ni sultani katika nchi yake, mwenzake ni sultani kwake, naye hamwamrishi Mjerumani kwa sababu anajua ni mtu huru. Kipengele hiki cha mwisho ndicho chenye uzito kuliko vyote. Machemba hadai uhuru kwa ajili yake peke yake. Anautambua kwanza kwa adui, kisha anaudai kwa kanuni ileile. Usawa unaotokana na kuumbwa, mamlaka yasiyo na msingi bila ridhaa, na wajibu wa pande zote mbili: msomaji wa Azimio la 1776 ataona anavifahamu vyote vitatu, ingawa sina ushahidi wala haja ya kudai kwamba Machemba aliwahi kusikia habari za Philadelphia.

Kuna watakaosema kwamba Machemba alikuwa mtawala aliyemjibu mtawala, na hiyo ni diplomasia, haihusu haki ya umma. Pingamizi hili linajigeuka lenyewe. Kama Armitage yu sahihi kuwa Azimio lilikuwa kwanza tamko la dola kwa madola, basi barua hii inafanana nalo zaidi kuliko tulivyodhani.

Pingamizi zito ni la utumwa. Machemba na matajiri wa Mikindani walifaidika na biashara ya watumwa, na uhuru walioutetea haukuwafikia waliofungwa minyororo. Hilo ni kweli na halina utetezi. Thomas Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Tunamfundisha hata hivyo, tukimkosoa, kwa kuwa kanuni aliyoiandika iliweza baadaye kutumiwa na watumwa wenyewe dhidi ya tabaka lake. Machemba anastahili kipimo hichohicho.

Tena wazo la kumwondoa mtawala halikuwa geni hata katika nyumba ya Sultani. Madhehebu ya Ibadhi, ya ukoo wa Busaidi, yanaruhusu imamu dhalimu aondolewe, na mwaka 1868 Oman ilimwondoa Salim bin Thuwaini na kumchagua Azzan bin Qais kuwa imamu. Septemba 1888 Khalifa alipompeleka Jenerali Mathews, kamanda wa jeshi lake, Pangani kutuliza watu, walimkataa. Kwa hatua hiyo mgogoro ulivuka kampuni na kumfikia aliyeikodisha nchi.

Wajerumani walirudi na mizinga, na mwaka 1895 Boma la Mikindani likajengwa kwa kuta nene juu ya kilima kinachotazama ghuba. Machemba alipambana, akapatana, akapambana tena kuhusu kodi, hadi alipovuka kwenda Msumbiji mwaka 1899. Kushindwa vitani hakukanushi hoja.

Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na serikali hupata madaraka yake kutoka kwao. Kura ya maoni kuhusu Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa Aprili 30, 2015, iliahirishwa na hadi leo haijapigwa. Wanafunzi wetu wanaijadili ibara hiyo kwa kunukuu Locke na Jefferson, na hilo si kosa. Nawaomba walimu wa nadharia za siasa waiweke barua ya 1890 katika wiki ileile ya sura ya 19, na waulize darasani swali ambalo Machemba alimwuliza Wissmann: ni kwa sababu gani tukutii?