Nani Alitangulia Kings Hill?

Treni kutoka Victoria, London, ilinishusha kituo cha West Malling, kaunti ya Kent, asubuhi yenye ukungu. Mwendo mfupi kutoka hapo, juu ya kilima, kipo kijiji cha Kings Hill. Habari zake husimuliwa kwa ufupi: palikuwa na uwanja wa ndege za kivita, jeshi likaondoka, mwaka 1989 mpango wa ujenzi ukaanza, nyumba zikauzwa, watu wakahamia. Masimulizi yaliyonyooka kiasi hicho hunitia shaka. Kati ya jeshi kuondoka na ujenzi kuanza ilipita takriban miaka 20. Kambi nzima yenye mabweni, majiko na barabara ilikaa tupu muda wote huo?

Nilianzia palipo rahisi, kwenye mnara wa kuongozea ndege. Bado umesimama, unalindwa na sheria ya majengo ya kihistoria, na siku hizi watu hunywa kahawa ndani yake. Barabara ya karibu inaitwa Tower View, na jirani pana sanamu ya shaba ya rubani. Niliagiza chai. Nikamuuliza kijana aliyeileta kama anajua ni akina nani walioishi hapa kabla ya nyumba hizi. Akanyoosha kidole kuelekea kwenye sanamu. "Marubani," akasema. Hakukosea. Lakini je, ni marubani peke yao?

Nikafuata kwanza njia ya marubani. Kituo cha jeshi la anga kilifunguliwa hapa mwaka 1940, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwinda ndege za adui usiku. Kisa kinachorudiwa zaidi ni cha usiku wa Aprili 16 kuamkia 17, 1943. Ndege ya Kijerumani aina ya Focke-Wulf 190 ilitua, rubani wake akidhani amefika Ufaransa. Wazima moto waliikimbilia wakiamini ni ya kwao, hadi walipouona msalaba ubavuni. Ya pili ikatua, ikamiminiwa risasi. Ya tatu ikaanguka kabla ya kuufikia uwanja. Wapo wanaosema zilikuwa 3, wapo wanaosema 4. Nilipolinganisha masimulizi, nikaona fundo lilipo: ya nne ilianguka Staplehurst, mbali na hapa. Kama ndege zilizoonekana kwa macho zina hesabu mbili, watu wamehesabiwa vipi?

Baada ya vita, nyayo zinafifia. Mwaka 1967 bendi mashuhuri ya Liverpool ilikuja kupiga filamu uwanjani, na wapenzi wa muziki wanalikumbuka hilo vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jeshi la anga likaondoka, na masimulizi ya wapenzi wa ndege nayo hukomea hapo. Nilikuwa nimegonga ukuta. Labda kosa lilikuwa langu: muda wote nilikuwa nikitafuta habari za uwanja. Je, ningetafuta habari za kambi?

Jina la West Malling likajitokeza mara moja. Lilikuwa kwenye orodha ya kambi 16 zilizofunguliwa Uingereza mwaka 1972 kuwapokea Wahindi waliofukuzwa Uganda. Nilisoma mstari ule mara tatu. Kumbe njia niliyoitafuta Kent ilianzia Kampala, Jinja na Mbale, miji ambayo majina yake tumekua nayo. Watu wa miji hiyo walifikaje kwenye mabweni ya askari wa Kiingereza?

Agosti 1972 tangazo lilitoka kwamba waondoke ndani ya siku 90. Ndege ya kwanza ilitua Stansted Septemba 18. Simulizi iliyozoeleka inawaita wote matajiri wenye maduka. Nimeipima, na imepungua uzito. Miongoni mwao walikuwamo mafundi, walimu, makarani na wajane. Waliokuwa na mali waliiacha, kwa kuwa familia iliruhusiwa kutoka na kiasi cha pauni 55 tu. Mtu aliyefunga duka lake kwa mara ya mwisho, akapita Entebbe na fedha kidogo hivyo, tutamwita tajiri hadi lini?

Hesabu nazo zinagongana. Waandishi wengine hutaja watu 27,000 waliopokelewa Uingereza, wengine 28,000. Kilichonishughulisha zaidi ni kile ambacho jumla hiyo inakificha. Nyumba moja iliweza kuwa na mke mwenye pasipoti ya Uingereza na mume asiye na uraia wa nchi yoyote. Mke na watoto wakaletwa kambini Uingereza, mume akapelekwa kambi za Austria au Italia. Kwenye jedwali, mama huyo na watoto wake wamefika. Je, familia ilifika?

Kuhusu maisha ya kambini, nilikuta simulizi mbili. Moja ni ya hisani: wanawake wa kujitolea wakigawa makoti, watoto wakifundishwa, chai ya moto mezani. Nyingine ni ya baridi isiyozoeleka, mabweni yasiyo na faragha na chakula kisicho na pilipili. Nimezipima zote, na naziamini zote. Aliyevishwa koti na mgeni aliweza usiku uleule kulia kwa kukumbuka ua wa nyumba yake Jinja. Kwa nini tudai moja iifute nyingine?

Alasiri nilizunguka kijiji. Bwalo la maofisa lipo, sasa ni ofisi za serikali ya mitaa. Palipokuwa na barabara ya kurukia ndege nilipita kati ya nyumba na baiskeli za watoto. Wengi wa waliotoka Uganda walizungumza Kigujarati au Kipunjabi nyumbani, na Kiswahili sokoni. Naamini kuna mtoto aliyeitwa kwa "njoo hapa" kwenye kilima hiki, miaka mingi kabla ya nyumba ya kwanza kuuzwa. Kijiji huanza siku gani: ya kwanza kuuzwa nyumba, au ya kwanza mama kumwita mwanawe?

Nilirudi mkahawani jioni, kijana akipandisha viti juu ya meza. Nikamweleza nilichokipata: kambi, mabweni, akina mama waliosubiri barua kutoka Austria. Aliweka kiti chini. Akatazama dirishani, kule kwenye sanamu, kisha akaniuliza: "Na walipotoka hapa, walikwenda wapi?"