Kipande, Jukwaa na Lango: Upelelezi na Uhuru wa Kusema kutoka Majengo hadi Chuo Kikuu

Upelelezi katika vyuo vikuu vya Kenya aghalabu huelezwa kana kwamba ulizaliwa na ugaidi. Historia ya Majengo yalikanusha dai hilo. Mtaa huu wa Pumwani ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja, chini ya macho ya serikali. Mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande kila aendako. Na Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, jiji lilizingirwa, watu wakachujwa na maelfu wakapelekwa vizuizini. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Usalama wa nani, ni swali ambalo watawala hawakupenda kuulizwa.

Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho hakiko mbali na Majengo, kilirithi jicho hilo baada ya uhuru, ila hapo lilielekezwa zaidi kwenye maneno. Mapema mwaka 1982, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o, *Maitu Njugira*, ilinyimwa Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza. Mazoezi yakahamia chuoni, ambako maelfu ya watu walifurika kuyatazama, hata milango ya chuo nayo ikafungwa. Mwaka huo huo Alamin Mazrui, mhadhiri na mwandishi wa *Kilio cha Haki* (1981), alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mashairi ya *Chembe cha Moyo* (1988) ni matunda ya kifungo hicho. Mwaka 1987 chama cha wanafunzi, SONU, kikapigwa marufuku. Ni vigumu kuonyesha ni mwanafunzi gani aliyeokolewa na hatua hizo. Linaloonekana wazi ni kwamba dola ilimsoma mwandishi kwa makini kuliko wahakiki wengi.

Hatari ya kweli ilipokuja, jicho hilo halikusaidia. Tarehe 23 Februari 2015, Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya sheria ya usalama ya mwaka 2014, vikiwemo vilivyobana uchapishaji wa habari, lakini ikaacha mamlaka ya kunasa mawasiliano. Yaani kusikiliza kuliruhusiwa. Hata hivyo, tarehe 2 Aprili mwaka huo huo watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Tahadhari zilikuwa zimekwisha kutolewa; walinzi walikuwa wachache, na kikosi maalumu cha polisi kilichelewa kwa saa nyingi. Kilichokosekana Garissa ni ulinzi wa bweni, wala si upelelezi wa ndimi.

Baada ya hapo upekuzi ulikazwa malangoni mwa vyuo. Kwa mwanafunzi Mwislamu wa Majengo, jirani na Eastleigh ambako maelfu walikamatwa katika msako wa Aprili 2014, kuonyesha kitambulisho langoni si jambo jipya. Babu yake alivaa chake shingoni, ndani ya kikebe cha bati.